Pepa, mkeka, mkopo: kumfundisha kijana asipigwe

Ujumbe wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja" umeshakuwa utani. Watoto wa darasa la tano wanauigiza. Ndiyo maana mzazi anayemwonya kijana wake wa miaka 15 kuhusu ujumbe ule huambulia tabasamu la kumstahi. Kijana hana kodi ya nyumba ya kutuma, na tapeli analijua hilo. Yeye anawindwa kwa vitu vingine, na karibu vyote vina tabia moja: ni vitu asivyoweza kumwambia mama.

Chukua wauza pepa. Miezi michache kabla ya mtihani wa kidato cha nne wa Novemba, magrupu ya Telegram na WhatsApp hujaa watu wanaodai mtihani umevuja. Pepa moja 10,000, masomo yote 50,000. Anayelipa hutumiwa mtihani wa zamani uliobadilishwa mwaka kwenye ukurasa wa mbele, au anatumiwa faili lililofungwa kisha anadaiwa hela nyingine ya neno la siri la kulifungulia. Atamlalamikia nani? Baraza la Mitihani la Tanzania hufuta matokeo ya mtahiniwa aliyefanya udanganyifu, na tapeli ndiye wa kwanza kumkumbusha.

Mkeka wa uhakika, yaani utabiri wa mechi unaouzwa kwa wanaobeti, ni hivyohivyo, ila una hesabu nzuri ya kufundishia. Muuzaji ana namba 800. Wiki ya kwanza anawatumia 400 ujumbe kwamba mechi fulani itatoa magoli matatu au zaidi, na 400 wengine kwamba yatakuwa pungufu ya matatu. Mechi ikiisha, nusu moja ameipatia. Anaachana na waliokosa, anawagawa tena wale 400, wabaki 200, kisha 100. Hawa 100 wameona utabiri tatu mfululizo ukitimia, bila malipo, na sasa wanaambiwa wa nne ni 20,000. Mpe kijana daftari aichore mwenyewe kwa mishale. Akiiona mara moja kwenye karatasi haisahau, maana ameelewa kwamba aliyekuwa "sahihi" mara tatu hakujua lolote kuhusu mpira. Kisheria kubeti ni kuanzia miaka 18, kwa hiyo mwenye miaka 16 akilizwa hapo ananyamaza.

Ya tatu ni mbaya zaidi. Msichana mzuri asiyejulikana anamtafuta mvulana Instagram au Facebook, mazungumzo yanahamia WhatsApp, simu ya video inapigwa, mvulana anashawishiwa avue nguo. Mara picha zinarudi pamoja na orodha ya ndugu za mvulana, waliotolewa kwenye kurasa zake mwenyewe. "Tuma 200,000 au naanza na shangazi yako." Msichana yule hayupo, ni video iliyorekodiwa.

Kwa hiyo somo la kwanza linamhusu mzazi kabla ya simu ya mtoto. Kijana ajue, kwa maneno yaliyotamkwa wazi na si ya kudhania, kwamba akisema ndani ya saa moja, kesi ya "uliingiaje huko" itasubiri kesho. Sababu ni ya kiutendaji kabisa: hela iliyotumwa kwa simu huweza kuzuiwa kama mpokeaji hajaitoa, na matapeli huitoa kwa wakala ndani ya dakika chache. Kijana anayeogopa mkanda husema baada ya siku tatu, wakati hakuna cha kuzuia.

Baada ya hapo, mazoezi. Kumwambia "kuwa makini" hakumpi kazi yoyote ya kufanya. Andika ujumbe kumi kwenye karatasi au kwenye simu ya zamani, sita za kitapeli na nne za kweli. Zile nne ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Ukimpa za uongo tupu atajibu "tapeli" mara kumi, apate kumi kwa kumi, na asiwe amejifunza kitu. Weka ujumbe halisi wa muamala, wa kukumbushia kifurushi kinachoisha, na wa mwalimu wa darasa kutoka namba ngeni. Kwa kila mmoja aeleze kwa sauti: umetoka wapi, unataka nifanye nini, na nitauhakikisha kwa njia gani tofauti na ile uliyokujia.

Hapo kwenye njia tofauti ndipo pa kukaa. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huja kwa jina la huduma, na wa uongo mara nyingi huja kutoka namba ya kawaida, ukajipanga peke yake mbali na ule mfululizo wa ujumbe wa muamala uliopo kwenye simu. Lakini jina nalo huweza kughushiwa, kwa hiyo mwamuzi wa mwisho ni salio. Kijana azoee kuangalia salio kwa kubonyeza mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money. Kama salio halijaongezeka, hakuna hela iliyoingia, hata ujumbe uwe umeandikwa vizuri namna gani.

Na kama imeongezeka kweli, kisha mtu akapiga analia kwamba amekosea namba? Jibu ni moja: "Piga 100 ya huduma kwa wateja, watairudisha." Usiitume wewe. Mtumaji ana haki ya kuomba kampuni irudishe muamala aliokosea. Ukimtumia kwa mkono wako na yeye akaomba urejeshwe, umelipa mara mbili. Mtu mwenye shida ya kweli hakasiriki akiambiwa apige 100. Anayekasirika amejitambulisha.

Kuna zoezi la simu pia, nalo ni bora kuliko lile la ujumbe kwa sababu utapeli wa sauti hufanya kazi kwa kumkosesha mtu nafasi ya kufikiri. Mzazi au mwalimu aigize afisa wa kampuni ya simu: laini yako inafungwa leo saa kumi, usikate simu, bonyeza hivi, nitajie tarakimu sita zilizoingia. Kazi ya kijana ni kukata simu. Basi. Itakushangaza ni wangapi hawawezi; tumewalea wasimkatie mtu mzima maneno, na tapeli anaishi kwenye adabu hiyo. Wafanye mara kadhaa mpaka kidole kiwe chepesi. Kampuni za simu Tanzania hupiga kwa namba 100. Anayejiita afisa wake akitumia namba ya kawaida ya tarakimu kumi si wao.

Tarakimu sita hizo, yaani namba ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe, zinastahili aya yao. Ujumbe huja kutoka kwa rafiki wa kweli, ambaye akaunti yake imeshaibiwa: "Samahani, nimekosea nimeingiza namba yako, nisomee hiyo namba." Ukiisoma, WhatsApp yako inahamia kwenye simu ya mwizi na saa hiyohiyo anaanza kuwakopa ndugu zako kwa jina lako. Kinga yake inachukua dakika mbili: ingia kwenye mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba ya siri ya tarakimu sita na barua pepe. Akaunti ikishaibiwa, jisajili upya kwa namba yako. Ukiweka tarakimu mpya mwizi anatolewa. Kama naye ameweka namba ya siri ya hatua ya pili, utasubiri siku saba ndipo uingie bila hiyo, lakini yeye ameshatoka.

Kwa wanaomaliza shule, ongeza kanuni moja ya malipo. Ada ya taasisi ya serikali hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Mtu anayedai "hela ya fomu" ya JKT, ya polisi, ya mkopo wa elimu ya juu, au ya nafasi ya chuo, kisha akatoa namba ya simu inayokuja na jina la mtu, hana fomu yoyote.

Upatu, yaani mchezo wa hela ambao wa mwanzo hulipwa kwa hela za wanaoingia baadaye, nitaupitia kwa hesabu, maana historia yake vijana hawaijui. DECI ilikusanya hela za "kupanda mbegu" mpaka serikali ilipoizuia mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ikawatia hatiani viongozi wake. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa zamu ya LBL, safari hii kwenye simu, watu wakilipia ngazi ili walipwe kwa kutazama matangazo. Katikati yake zimepita nyingine nyingi, na kijana wa leo atakutana na ya kesho yenye jina ambalo hakuna mtu ameshalisikia. Kwa hiyo usimkaririshe majina.

Mwambie hivi: kila mtu alete watano. Wewe mmoja, kisha 5, 25, 125, 625. Aendelee kuzidisha kwa tano na kujumlisha wote. Hatua ya 11 peke yake inahitaji watu 48,828,125, na jumla kutoka mwanzo ni 61,035,156. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na vichanga na wazee wa miaka 90. Hatua ya 12 haina watu. Wanafunzi wa kidato cha pili wakifika hapo darasa hulipuka kwa kelele, na swali linalofuata huja lenyewe: waliolipwa mwanzoni walilipwa na nini? Hapo ndipo unawatofautishia na kibati cha mama zao. Watu kumi wanaofahamiana, kila mmoja anatoa 20,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anapokea 200,000, na mwisho kila mtu amepata alichotoa. Hakuna faida iliyoahidiwa, kwa hiyo hakuna wa kulipa faida hiyo.

Sasa mikopo, ambayo ndiyo ngumu, kwa kuwa hapa hela inaingia kweli na mkopeshaji ana ofisi kweli.

Anza na mkopo ambao kijana ameshauchukua: salio la kuongea. Muulize alikopa ngapi, alipata ngapi, na alilipa lini. Tuseme makato ni 100 kwa kila 1,000 na alilipa baada ya siku mbili. Amelipa asilimia 10 kwa siku mbili, na hakuhisi. Usimgombeze, kiasi ni kidogo na huduma ni halali. Unachotaka ni azoee kutaja vitu vitatu kwa kila mkopo: kilichoingia mkononi, jumla kitakachotoka, na siku.

Kisha mpe mfano wa programu ya mkopo wa haraka. Umeomba 100,000. Imeingia 80,000, kwa kuwa 20,000 imekatwa kama ada ya huduma. Baada ya siku 14 unadaiwa 120,000. Riba ni asilimia ngapi? Wengi watasema 20, kwa sababu ndicho kilichoandikwa. Lakini aliyeshika 80,000 na kulipa 120,000 ametoa 40,000 ya ziada, yaani asilimia 50 kwa wiki mbili. Pembeni yake andika kiwango cha Benki Kuu kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 80,000 hiyo ni 2,800 kwa mwezi mzima. Waache watazame namba mbili hizo, 40,000 na 2,800, bila wewe kusema neno.

Adhabu ya kuchelewa nayo ihesabiwe. Asilimia 2 kwa siku inasikika kama kitu kidogo. Juu ya 100,000 ni 2,000 kila siku, na mwezi ukiisha imeongezeka 60,000.

Kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, ana hesabu yake, na ni ya kijanja zaidi. Anatoa 100,000 na anataka rejesho la 5,000 kila siku kwa siku 26, jumla 130,000. Ataita riba ya asilimia 30. Tatizo ni kwamba kuanzia siku ya kwanza unarudisha mtaji, kwa hiyo ile 100,000 hukukaa nayo mwezi mzima. Kwa wastani umeshika kama nusu yake, takriban 52,000, na umeilipia 30,000. Hiyo ni karibu asilimia 58 kwa siku 26. Hapa ndipo mama lishe anapokwama: biashara yake inaweza kuwa na faida kila siku na bado mtaji ukawa unapungua, mpaka anakopa kwa wa pili kumlipa wa kwanza. Dhamana ni friji, televisheni na makochi, au kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Kijana wa miaka 17 huenda ameshaona makochi ya jirani yakitoka. Mwache aseme, wakati mwingine ni ya kwao.

Kuhusu programu zenyewe: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na idhini. Orodha hiyo inasaidia, ila jina jipya huundwa kwa siku moja. Kijana afundishwe kwenda upande wa pili, yaani kwenye orodha ya wenye leseni iliyoko tovuti ya Benki Kuu, na atafute jina la kampuni, kwa sababu jina la programu na la kampuni mara nyingi havifanani. Kama programu haitaji kampuni yoyote popote ndani yake, utafutaji umekwisha. Kenya nayo ilianza kudai leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na leseni ya huko haimruhusu mtu kukopesha huku.

Dalili ya pili ni ruhusa. Kabla ya kukubali chochote, soma programu inataka kufungua nini kwenye simu. Tangu 2023 Google hairuhusu programu za mikopo ya binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma majina ya simu na picha, wala haikubali mkopo wa kulipwa wote ndani ya siku 60 au pungufu. Kwa hiyo wahuni wamepata njia mbili. Moja ni kutuma faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu, kwa WhatsApp ili usipite dukani. Nyingine ni kuandika dukani "siku 91" kisha ukifungua ndani unakuta siku saba. Majina ya simu yanatakiwa kwa kazi moja: ukichelewa, mwalimu wako, mchungaji wako na kila uliyemhifadhi hupigiwa simu na kuambiwa wewe ni mwizi. Kufuta programu baadaye hakusaidii, maana majina yalishachukuliwa dakika ile ulipobonyeza "ruhusu". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na aliyefanyiwa hivyo anaweza kuilalamikia.

Aliye chini ya miaka 18 hawezi kisheria kufunga mkataba wa mkopo. Lakini laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mzazi, na deni litakaa kwenye jina hilo. Ndiyo sababu ya mzazi kubonyeza *106# mara kwa mara na kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Na kijana aelezwe bayana kuhusu wanaokodi laini: anapewa 10,000 au 20,000 aazime laini "ya kupokelea hela za biashara" kwa wiki. Laini hiyo ndiyo itakayopokea hela za waliotapeliwa, na polisi huanza na jina lililosajiliwa.

Kwa wavulana, mkopo mkubwa wa kwanza baada ya shule mara nyingi ni bodaboda ya mkataba, yaani unaiendesha huku ukimlipa mwenyewe kila siku mpaka iwe yako. Siuiti utapeli wenyewe, upo uliowatoa wengi. Ila ihesabiwe. Tuseme pikipiki dukani ni 2,800,000 na mkataba ni 10,000 kwa siku kwa siku 450: utalipa 4,500,000. Tofauti ya 1,700,000 ndiyo bei ya kutokuwa na mtaji. Maswali yaulizwe kabla ya ufunguo kukabidhiwa, na majibu yaandikwe: kadi inabadilishwa jina lini, bima na matengenezo ni ya nani, siku za mvua na za ugonjwa zinahesabiwaje, na ukikosa siku tatu mfululizo wakati umeshalipa siku 400, pikipiki inakwenda wapi na hela zako zinakwenda wapi. Mkataba wa mdomo hujibu swali hilo la mwisho kwa namna moja tu.

Njia nafuu zipo na hazitangazwi kwa kelele. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inahitaji kikundi, andiko na uvumilivu. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata ndiyo pa kuanzia. Anayetaka "hela ya kusukuma faili" apelekwe kwenye lile zoezi la kontroo namba.

Ikishatokea, mpangilio ni huu. Piga 100 mara moja na utaje namba ya muamala. Kama hela haijatolewa, waombe waizuie. Badilisha namba ya siri. Usifute kitu: piga picha za skrini za mazungumzo, namba na ujumbe wa muamala. Sambaza ujumbe wa tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha utume namba yake ukiombwa. Nenda kituo cha polisi na picha hizo, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, maana kampuni ya simu au benki itaihitaji. Baada ya hapo jihadhari na wimbi la pili: siku chache baadaye hupiga mtu anayejua kila kitu kilichotokea na kuahidi kuirudisha hela kwa ada ndogo. Anajua kwa sababu ndiye yuleyule, au ameuziwa namba yako.

Kama ni vitisho vya picha, usilipe hata shilingi. Anayelipa mara ya kwanza hudaiwa mara ya pili siku hiyohiyo. Hifadhi ushahidi, mfungie, ripoti akaunti. Picha ikiwa ya aliye chini ya miaka 18, huduma ya bure iitwayo Take It Down hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yake mwenyewe, bila kuipakia popote, na mitandao iliyojiunga nayo huitumia alama hiyo kuizuia picha isisambae. Kama kijana hawezi kabisa kumwambia mtu wa nyumbani, namba ya mtoto ni 116, bure, saa 24.